Sahihi Chini ya Makochi

Mtaa mzima ulimwita Bi Sponji. Alikuwa fundi makochi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mwashi na kicheko cha mtu mwenye mwili mara tatu ya wake. Ukimpelekea kochi lililobonyea katikati kama karai, lenye springi zinazomchoma mgeni makalioni, alilizunguka mara mbili, akalipiga kofi begani, akalisemesha: "Wewe umekaliwa vibaya tu, huna ugonjwa wa kukuua." Baada ya siku kumi lilirudi kwako, na ukaona haya kulikalia na nguo za kazini.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya vifaa vya ujenzi, chumba kirefu chenye bati lililolia kwa joto kila mchana. Walikuwa watatu. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Mjomba, alikata mbao na kuunga fremu. Msumeno ulikuwa umemharibia masikio, au ndivyo alivyodai, kwa hiyo uliongea naye kwa kupiga kelele. Dada Cherehani alishona vifuniko na alijua habari za kila nyumba ambayo mito yake iliwahi kupita mikononi mwake. Bi Sponji alifanya yote ya katikati: mikanda, springi, gunia, sponji, kitambaa.

Jambo moja hakulizungumza na wateja. Hakuwa na karatasi. Aliletwa nchini na mama yake akiwa na miaka minane, amelala juu ya marobota ya nguo ndani ya lori, akaamka wameshavuka mpaka. Mama alipofariki aliacha sufuria mbili, pasi ya mkaa, na binti wa miaka kumi na tisa ambaye hakuna ofisi iliyojua kwamba yupo. Sasa binti huyo alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kule alikotoka alikukumbuka kwa harufu ya mafuta ya taa na mbwa mmoja wa jirani, basi. Lugha aliyoota nayo ilikuwa ya hapa. Hata kutukana alitukana kwa lugha ya hapa, na kwa ufundi kiasi kwamba Mjomba alisema kwa matusi yale peke yake angestahili pasipoti.

Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka kumi na sita, aliyempata na mwanamume ambaye alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata na mke huko huko. Mama na binti waliishi vyumba viwili, na hofu walikuwa wameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: unajifunza kutafuna upande wa pili. Bi Sponji hakupanda basi Jumatatu asubuhi, maana Jumatatu maofisa wa uhamiaji walipenda kusimama kituoni. Hospitali kubwa hakukanyaga. Nyumbani mlango haukufunguliwa mpaka mtu agonge mara tatu na kukohoa, utaratibu ambao majira ya mafua uliwafungulia mlango hata wauza sabuni.

Mapema mwaka ule fundi rangi wa chumba cha jirani alichukuliwa kituoni, ndoo mkononi, brashi yake bado mbichi. Mkewe alipata habari baada ya siku mbili, kwa simu ya kuazima, mume akiwa ameshavushwa. Bi Sponji alikwenda kumsaidia kufunga mizigo. Aliporudi kazini alikaa na mto mmoja kutwa nzima, akiufumua na kuushona, akiufumua na kuushona. Siku ile karakana haikusikia kicheko.

Wiki chache baadaye ndipo Mama Karani alipoingia na kiti chake.

Alikuwa mjane mrefu, miwani imening'inia kwa kamba, mkoba kwapani. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Kiti kilikuwa cha marehemu mumewe, cha ngozi, mkono wa kulia umechakaa hadi kwenye mbao kwa sababu mzee aliegemeza kiwiko hapo kila jioni.

"Mume wangu nilimzika," alisema. "Kiti hiki sikiziki. Na nimesikia mafundi mnabadilisha springi nzuri mnaweka mbovu. Kwa hiyo nitakaa hapa nione."

Wakadhani anatania. Kesho yake saa tatu alikuwepo, na keshokutwa, na kila siku hadi adhuhuri, ameketi kwenye stuli na chupa yake ya chai ya tangawizi.

Mama Karani alikuwa na maoni, na maoni yake yalikuwa na sauti. Kila Jumatano alipiga simu kwenye kipindi cha redio cha wananchi kutoa dukuduku lao, na watangazaji walimfahamu kwa pumzi tu. Dukuduku lake kubwa lilikuwa wageni.

"Wamejaa," alisema siku ya pili, akikoroga chai. "Kazi wamechukua, vyumba wamechukua, hospitali wako mbele ya foleni. Mimi ningekuwa na uwezo, ningewapanga mstari mmoja mpaka mpakani. Kwa adabu, na maji ya kunywa. Lakini waende."

Dada Cherehani alijichoma sindano.

"Hayo maji ungewapa nani, mama?" Bi Sponji aliuliza bila kuinua kichwa.

"Serikali."

"Basi watakufa kiu kabla ya kufika kona."

Mama Karani alijikuta anacheka, chai ikampalia. Tangu siku hiyo stuli yake ilisogea karibu na meza ya Bi Sponji. Akaanza kumwita mwanangu. Alimletea chai kwenye kikombe cha pili. Alijifunza kufunga kamba ya springi kwa fundo la fundi, akafunga vibaya, akafundishwa tena. "Watu kama wewe ndio ninaowatetea redioni," alimwambia. "Wachapa kazi. Nafasi zenu ndizo wale wanazonyang'anya." Bi Sponji alisema, "Asante, mama," kisha akainama kutafuta sakafuni msumari ambao haukuwa umeanguka.

"Unawezaje kunywa chai yake?" Dada Cherehani alimuuliza mama huyo alipoondoka.

"Chai yake nzuri. Halafu hanichukii mimi. Anamchukia mtu fulani ambaye hajawahi kumwona."

"Mtu huyo si wewe?"

"Ndiye mimi. Lakini yeye hajui, maskini."

Si kwamba hayakumuuma. Jumatano moja, nyumbani, sauti ya Mama Karani ilitoka redioni ikidai misako iongezwe, na binti akanyoosha mkono kuizima. Bi Sponji akamzuia. Alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Leo kifua kinambana. Kesho nimwambie aache kukaa mlangoni penye upepo," akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Msako ulikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Muuza saruji wa mbele alipiga bati mara tatu, ishara waliyokubaliana zamani. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na shehena ya mbao iliyoshushwa asubuhi ile. Katikati ya karakana palikuwa na kochi kubwa la kukunjua kuwa kitanda, ambalo vyuma vyake vilikuwa vimepelekwa kuchomelewa, likabaki sanduku tupu. Dada Cherehani aliinua ubao wa kukalia, Bi Sponji akaingia na kujikunja, ubao ukarudishwa, mito juu yake. Yote hayo kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Mama Karani hakuona lolote. Alikuwa nje bombani anaosha vikombe. Alirudi akakuta stuli yake imewekewa kopo la gundi, basi akaketi pale palipokuwa wazi, juu ya kochi la kukunjua, kwa uzito wake wote. Dada Cherehani alifumba macho.

Maofisa wanne wakaingia. Mkubwa wao alivaa buti mpya zilizolia kila hatua.

"Tumepata taarifa hapa kuna mgeni," alisema.

"Nini?" akauliza Mjomba.

"Mgeni!"

"Wageni? Karibuni, karibuni! Mbona mmesimama?"

"Mzee, tunatafuta mgeni anayefanya kazi bila kibali!"

"Kijana," Mama Karani akaingilia, "hati iko wapi?"

"Mama, hii ni operesheni."

"Nimekuuliza hati, sijakuuliza mnaiitaje."

Ofisa akatoa karatasi. Mama Karani akavaa miwani, akaisoma toka juu hadi chini, akaigeuza nyuma, akairudia.

"Hapa pameandikwa jengo namba arobaini na moja. Hili ni kumi na nne."

"Ni makosa ya uchapaji tu, mama."

"Na tarehe? Nayo ilikosewa mpaka ikapotea? Miaka thelathini na mmoja nimerudisha karatasi kama hizi dirishani. Ukiipeleka hii mahakamani watakucheka mpaka utavua hizo buti."

"Mama, kwani wewe unatetea wageni?"

"Mimi?" Alipiga mto kwa kiganja, kochi likatoa mlio wa kuguna. "Mimi? Kaulize redioni! Wageni waondoke! Lakini waondoke kwa karatasi iliyoandikwa sawasawa!"

Ofisa alitazama mbao, cherehani, majora ya vitambaa, na kiti cha ngozi kilichovuliwa kikabaki mifupa. Akasema watarudi na hati iliyorekebishwa. Buti zikalia hadi barabarani, gari likawaka, likaondoka.

"Mama," likasema kochi kwa sauti iliyobanwa. "Naomba uinuke kidogo. Mguu umekufa ganzi."

Mama Karani aliruka kama mtu aliyekalia pasi. Ubao ukainuka, Bi Sponji akatokeza, nywele zimejaa nyuzi za gunia, shavu lina alama ya msumari. Wakatazamana. Dada Cherehani husimulia kwamba uliweza kuona jambo lenyewe likimpanda Mama Karani usoni taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka minane."

Mama Karani akachukua mkoba, akatoka. Chupa ya chai aliisahau.

Kesho yake Bi Sponji hakwenda kazini. Alipanga nguo kwenye begi, akamwonyesha binti mahali pa cheti chake cha kuzaliwa, namba ya simu ya Dada Cherehani, ufunguo wa akiba. "Mama," binti akamwambia, "haya yote nayajua tangu darasa la tatu." Wakakumbatiana, wakalia kidogo, kisha wakacheka kwa sababu jirani aligonga mara tatu na kukohoa, na wote wawili wakaruka juu kwa hofu. Alitaka chumvi.

Jioni ilikuwa ya kipindi cha Jumatano. Walikaa wakisubiri kusikia jina la karakana likitajwa. Kipindi kikaanza, kikaenda, kikaisha. Mama Karani hakupiga simu. Mtangazaji mwenyewe aliuliza hewani kama mama yetu yu mzima.

Ijumaa Bi Sponji akarudi kazini. Dada Cherehani alimwomba ajifiche wiki nzima. "Haiwezekani," akasema. "Kiti cha watu kiko uchi." Alikuwa akinyoosha ngozi mpya juu ya mkono wa kiti kile aliposikia mtu anaingia bila hodi. Mama Karani alikuwa na faili la bluu.

"Bado nimekasirika," alisema kabla ya salamu. "Nilikuita mwanangu, ukanyamaza."

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

Mama Karani alifikiri, kwa maana hakuwa mtu wa kusema uongo hata ulipofaa. "Ningekushtaki."

"Ndiyo maana, mama."

"Hilo ni jibu linalokubalika. Kaa. Si humo ndani! Kaa juu."

Akafungua faili. Kulikuwa na kifungu cha sheria, akaeleza, ambacho watu wengi hawakijui kwa sababu kimeandikwa vibaya, na yeye anakijua kwa sababu alikipiga chapa mara tatu. Aliyeingia nchini akiwa mtoto, akaishi miaka ishirini mfululizo bila kosa la jinai, anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Lakini lazima athibitishe kila mwaka. Na akishapeleka maombi, ofisi itajua anapoishi. "Wakikataa, watakufuata mpaka kitandani. Sikufichi. Ukitaka nifunge faili, nalifunga."

Bi Sponji aliutazama mkono wa kiti. "Nimechoka kukohoa mlangoni," akasema. "Tupeleke."

Alikuwa na nini? Ripoti za shule ya msingi hadi darasa la sita. Kadi ya kliniki ya ujauzito. Cheti cha binti. Baada ya hapo, hewa. Mkataba wa nyumba hakuwa nao, wala akaunti, wala bili yenye jina lake. Mtu anayejificha hatunzi kumbukumbu.

"Sahihi," akasema Mjomba kutoka upande wa pili wa msumeno, ambako hakuna aliyedhani anasikia.

"Sahihi gani?"

Mjomba akaja, akapindua stuli aliyokalia Mama Karani siku zote, akakata kitambaa cha chini kwa kisu. Kwenye mbao, kwa penseli, paliandikwa jina kamili la Bi Sponji, siku, mwezi na mwaka. Mjomba ndiye aliyemfundisha: fundi haufungi mgongo wa kazi yake kabla ya kuandika nani kaifanya. Alikuwa ameandika hivyo tangu wiki yake ya kwanza, na mji mzima ulikuwa umekalia ushahidi.

Mwezi ule walitembea nyumba hadi nyumba kupiga picha za sahihi hizo, Mama Karani mbele na faili, Bi Sponji nyuma na mkoba wa zana. Kila mlango alilazimika kusema kwa mdomo wake neno alilokuwa amelimeza miaka yote: sina karatasi. Mwalimu mkuu alipindua kochi lake papo hapo, akaandika barua ya ushahidi, akaomba kwamba madhali kochi limeshapinduka, basi na mguu unaochezacheza ukazwe. Kwa daktari wa meno ilibidi mgonjwa mwenye shavu lililovimba ainuke kwenye benchi. Mgonjwa huyo ndiye aliyeshika taa wakati wa kupiga picha. Muuza nyama alisema hawezi kusaidia mtu wa nje, akafunga mlango kwa kishindo. Jioni yake mkewe alileta picha mwenyewe. "Yeye ana bucha," alisema. "Kochi ni langu."

Mama mmoja mwenye nyumba ya ghorofa alitikisa kichwa kwa upole. "Mbona nilijua siku nyingi? Unapohesabu misumari, unahesabu kwa lugha nyingine."

Bi Sponji hakuwa anajua kwamba hesabu zile bado zimo ndani yake.

Na mitaani wapo waliosikia habari. Kijana mmoja aliwapigia kelele kutoka kibarazani, "Rudi kwenu!" Mama Karani akageuka mzima mzima, akamfuata hadi ngazini. "Kwao ni wapi? Toka utuonyeshe njia, sisi tumepotea." Kijana akaingia ndani. Maofisa hawakurudi na hati yao mwezi ule, na nani aliyewapelekea taarifa ya kwanza, hawakujua kamwe, na Bi Sponji alikataza lisiulizwe, maana bado alihitaji kuwasalimia watu wote.

Maombi yakapelekwa, na siku ya kuhojiwa ofisi ya uhamiaji alimkuta ofisa mwanamke, mkimya, mwenye kalamu nyekundu. Alipitia picha moja moja: mwaka huu, upo, huu, upo. Kisha kalamu ikasimama. Mwaka mmoja, miaka minane nyuma, haukuwa na kitu.

"Ukikatika mwaka, maombi yamekatika," alisema ofisa.

Mama Karani alipekua faili toka mwanzo hadi mwisho. Bi Sponji alifumba macho akajaribu kuukumbuka mwaka ule. Mvua nyingi. Bati lililovuja. Kazi moja kubwa ya mkandarasi fulani, mabenchi kumi na mawili ya rangi ya kijani, ambayo Mjomba alikwenda kuyakabidhi peke yake...

"Mheshimiwa," akasema, "mabenchi ya hapo nje mnapongojea. Yalinunuliwa lini?"

Wakatoka. Watu waliokuwa wamekaa wakaombwa wainuke. Ofisa mwenyewe alichana kitambaa cha chini kwa kisu cha kufungulia bahasha, akachungulia na tochi ya simu. Akiwa amepiga magoti akasoma jina kwa penseli, na mwaka ndio ule ule. Kisha akapiga picha, akapangusa magoti, akaandika. Hakucheka. Alisema tu, "Sasa rudishia kitambaa chetu," na Bi Sponji akatoa nyundo na misumari mkobani, akakifunga pale pale, vizuri kuliko mwanzo, huku watu wa foleni wakimshangilia bila kujua wanashangilia nini.

Kibali kilitoka baada ya miezi minne: cha miaka miwili, kinaweza kuongezwa. Si uraia, na Bi Sponji hakujidanganya kwamba ni uraia. Alijua pia kwamba kifungu kile hakikumhusu fundi rangi, aliyeingia mtu mzima. Alimwandikia mkewe barua ya kumweleza, ikamchukua siku tatu kuimaliza. Lakini siku ya kupokea kadi walikunywa chai karakanani hadi chupa ikakauka, na Mjomba akacheza bila muziki, kwa kuwa kwake yeye, alisema, muziki upo au haupo ni mamoja.

Mama Karani alikichukua kiti chake na bado kila Jumatano hupiga simu redioni. Bado husema wageni wamezidi, ila siku hizi huongeza "isipokuwa". Isipokuwa mafundi. Isipokuwa waliokuja watoto. Isipokuwa wenye watoto shuleni. Wiki iliyopita mtangazaji alimuuliza, "Mama, kwa hesabu yako, wamebaki wangapi wa kufukuzwa?" Akajibu kwamba orodha bado anaishughulikia.

Kitu cha kwanza alichofanya Bi Sponji na kadi yake ni kujiandikisha mtihani wa ufundi wa serikali, ambao miaka yote aliutamani akiupitia mlangoni. Alikaa na vijana kumi na wanane wa umri wa binti yake, akiwa peke yake mwenye miwani ya kusomea. Msimamizi alimwomba aeleze jinsi ya kufunga springi, akaanza kuandika majibu yake, halafu akamwomba aende polepole kidogo kwa sababu kuna mambo alikuwa hayajui. Alifaulu. Alikatwa alama tano za usalama kazini, kwa kushika misumari mdomoni, jambo ambalo yeye anasisitiza kwamba ndilo fundi halisi hufanya. Amekata rufaa. Barua imeandikwa na Mama Karani, kurasa nne, na jibu bado wanalingoja.